Apatimenti mpya Dar: onja maji kwanza, vigae utaviangalia baadaye

Nimehama mara 3 ndani ya miaka 5 hapa Dar na zote zilikuwa apatimenti mpya kabisa, zile unaingia rangi bado inanuka, na kila mara nilichodanganyika nacho ni kilekile, vigae vinang'aa, jipsam ina taa za rangi, jikoni makabati mpaka juu, basi nikatoa hela ya miezi 6 bila hata kufungua bomba. Kumbe maji ya kisima, chumvi tupu! Sabuni haitoi povu, chai kama supu, na mabomba yaliyokuwa yanang'aa yakaanza kutu kabla mkataba haujafika nusu. Kwa hiyo orodha yangu ya maeneo ya kuhamia naipanga kwa maji na chumvi, urembo baadaye.

Namba moja kwangu ni Kijitonyama na Mikocheni. Daladala zipo, mjini sio mbali, na majengo mengi yana bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar), ila muulize mlinzi (sio dalali!) maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na tangi la akiba ni la lita ngapi kwa familia ngapi. Angalizo, Mikocheni kuna mitaa ya bondeni inajaa maji masika, kwa hiyo nenda Aprili mvua ikiwa imenyesha, au angalia ukuta wa fensi kama una mstari wa tope.

Ya pili Mbezi Beach, lakini upande wa juu ya barabara ya Bagamoyo. Upande wa chini upepo mtamu sikatai, ila upepo huohuo unabeba chumvi, grili za madirisha zinakatika na ile mashine ya AC ya nje inaoza mapema, halafu fundi unamlipa wewe. Ukiupenda huo upande hakikisha mkataba unasema matengenezo ya AC ni ya nani. Foleni ya asubuhi siisemi, utaijua mwenyewe.

Kigamboni naiweka ya tatu. Nafasi kubwa, kodi nafuu kuliko huku, na tangu daraja lifunguliwe 2016 sio lazima pantoni, ila ukiwa na gari weka tozo ya kuvuka kwenye hesabu, kwenda na kurudi, mwezi mzima.

Masaki ya mwisho. Ni pazuri, ila unalipia jina. Na mwenye nyumba akikutajia dola mwambie atafute shilingi, maana kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini.

Popote utakapoangukia, fungua mabomba yote kwa pamoja uone presha, hasa ghorofa ya juu. Papasa ukuta wa bafuni upande wa chumbani, jengo jipya plasta haijakauka vizuri rangi inavimba kama ngozi iliyoungua. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) iwe yako peke yako, ya kushea utagombana na jirani mwenye pasi na friji 2, na kodi ya jengo inayokatwa humo tangu 2021 ni mzigo wa mwenye nyumba, mkubaliane mapema anakurudishiaje. Dirisha la chumba likitazama magharibi, jua la jioni litakupika mpaka saa 4 usiku, na kiwanja kitupu cha jirani kesho ni zege na nyundo, uliza.

Hela sasa. Kodi ikiwa 800,000, miezi 6 ni 4,800,000, dalali anataka mwezi mmoja, tayari 5,600,000 kabla hujanunua hata pazia, na bado ile hela ya kwenda kuonyeshwa unayotoa hata nyumba ukiikataa. Mimi siku hizi natembea mtaani jioni naongea na walinzi, soda moja tu, wanajua vyumba vitupu na wanajua pampu imeharibika mara ngapi.