Baada ya bunge la jimbo: ugavana au Washington?

Wabunge wa majimbo ya Marekani wanaotaka kupanda ngazi hukutana na swali hili. Kwa gharama, Baraza la Wawakilishi, sehemu ya bunge la taifa lililoko Washington, huwa nafuu: mara nyingi unazunguka wilaya moja ya uchaguzi, ilhali ugavana unadai kura za jimbo zima. Kwa muda, gavana anashinda. Majimbo mengi humpa miaka 4. Mwakilishi hurudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka 2, hana nafasi ya kupumua. Kuanguka kupo kote kuwili: Jimmy Carter aliukosa ugavana wa Georgia 1966, akaupata 1970, Barack Obama alibwagwa kwenye mchujo wa chama wa kuwania Baraza la Wawakilishi 2000, kisha 2004 akachaguliwa seneta wa Marekani. Mwenye watoto wadogo ningemshauri ugavana, awe karibu na nyumbani. Anayeumizwa na masuala ya vita na uhamiaji, aende Washington.