Alitimiza bei ya kujikomboa, bwana akakataa: nilivyoisoma Daughter of No Worlds

Riwaya nyingi za njozi na mahaba zenye shujaa aliyekuwa mtumwa hunichosha kwa jambo lile lile. Utumwa unawekwa sura ya kwanza ili tumhurumie, kisha anatokea mwanamume wa mabega mapana, minyororo inakatwa, na kuanzia hapo tunasoma habari za mabusu tu. Mwanamke ametoka mkono huu ameingia mkono ule, ila wa pili ni mzuri wa sura. Kwa hiyo nilipoanza Daughter of No Worlds ya Carissa Broadbent, iliyotoka mwaka 2020 ikiwa ya kwanza kati ya vitabu vitatu, nilikuwa nimekaa mkao wa kuudhika.

Tisaanah ni mtumwa katika nchi ya Threll, nyumbani kwa bwana anayeitwa Esmaris. Bwana huyo aliwahi kumtajia bei ya uhuru wake, naye Tisaanah akaishika ahadi hiyo kwa dhati. Anacheza ngoma mbele ya wageni, anatabasamu panapohitaji tabasamu, anadunduliza sarafu moja baada ya nyingine. Siku inapofika anampelekea bwana fedha zote. Zimetimia, na kutimia kwenyewe ndiko kunakomtia bwana wazimu. Anamcharaza mijeledi hadi karibu kumtoa roho, na Tisaanah anamuua kwa uchawi ambao hata yeye hakujua una nguvu kiasi hicho.

Nilirudia kurasa hizo. Ukatili wenyewe tumeuzoea katika vitabu vya aina hii. Kilichonishika ni uchungu wa Esmaris: alijiaminisha kwamba anapendwa, kwa hiyo mtu kuomba kuondoka, tena kwa fedha halali, anauona ni usaliti. Jambo hilo si la njozi hata kidogo. Olaudah Equiano, mtumwa wa karne ya 18 aliyekuja kuandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba mmiliki wake, mfanyabiashara Robert King wa kisiwa cha Montserrat, alimwahidi uhuru kwa pauni 40. Equiano alipozipeleka mwaka 1766, King alishtuka na kusema kwamba asingetoa ahadi ile kama angejua fedha zingepatikana upesi hivyo. Nahodha aliyekuwepo ndiye aliyemsihi atimize neno lake. Equiano akapata hati yake. Tisaanah hana nahodha wa kumsemea.

Anayemsaidia kutoroka ni Serel, rafiki yake, ambaye anabaki nyuma. Hapo ndipo hadithi inapopata uti wa mgongo, kwa kuwa tangu siku hiyo Tisaanah hatafuti uhuru wa nafsi yake peke yake. Anavuka bahari hadi nchi ya Ara, kwa wachawi wenye vyama vinavyoitwa Orders, akiwa na lengo moja: apate nguvu ya kurudi kuwatoa wajoli wake. Lugha ya huko anaizungumza kwa kubabaika, sentensi zinamkatikia katikati, na nilipenda kwamba mwandishi hakumfanya ajue kila kitu ghafla. Wakati huohuo ana kipaji cha kuhisi yaliyomo mioyoni mwa watu, na maisha yamemfundisha kuvaa sura anayotaka mwenye nguvu kuiona. Hata akiwa huru bado anaivaa. Zipo sehemu ambapo sikujua kama tabasamu lake ni lake au ni la kazi, na nadhani hata yeye hakujua.

Anayepewa kazi ya kumfundisha ni Max, mwanajeshi wa zamani aliyejifungia kwenye nyumba yenye bustani kubwa, mkali wa maneno, asiyetaka hata kulisikia jina la Orders. Sura zinapokezana kati yao wawili, kila mmoja akisimulia mwenyewe. Mahaba yanakuja polepole sana, na mimi hivyo ndivyo ninavyoyataka. Max hamkomboi mtu. Hana cha kumpa Tisaanah ila ujuzi, kejeli na subira, na jambo kubwa analomwomba ni kwamba asitie saini.

Anatia. Orders wanamtaka afunge nao mkataba wa damu: yeye awe silaha yao, wao wamsaidie kuwakomboa watu wake. Mwanamke aliyemuua bwana ili asimilikiwe anajiweka tena chini ya mkono wa mwingine, safari hii kwa hiari, akiwa amesoma masharti. Nilitamani kumshika mkono. Max anamkasirikia, anambembeleza, lakini hamzuii, maana akimzuia naye atakuwa anamwamulia kama wale wengine. Sikumbuki riwaya nyingine ya mahaba iliyonifanya nimpende mwanamume kwa sababu ya kile alichojizuia kufanya.

Kasoro zipo. Sura za mafunzo katikati zinavutwa mno. Siasa za malkia mtoto na wakubwa wa Orders zimeelezwa kwa haraka, nikawa nafunua kurasa za nyuma kujikumbusha nani ni nani. Mabwana wa Threll, ukimtoa Esmaris, ni wabaya tu basi, hawana kingine. Na wajoli wale ambao kila kitu kinafanywa kwa ajili yao, mbali na Serel, wengi wao niliwaona kama umati. Nilitaka kujua nani alikuwa anamtania Tisaanah jikoni, nani alikuwa hampendi.

Mwenye moyo mwepesi ajue kwamba mijeledi inaelezwa waziwazi, na yale Esmaris aliyomfanyia Tisaanah chumbani yanatajwa pia. Anayetaka busu sura ya tano atachoka kusubiri. Kiingereza chake si kigumu, ila majina ya watu na nchi yanahitaji uvumilivu mwanzoni.

Naipa riwaya hii nyota nne. Children of Fallen Gods, kitabu cha pili, nimeshakianza, na mpaka sasa ninachokifuatilia zaidi ya mapenzi yao ni ule mkataba: nani ana uwezo wa kuuvunja, na akiuvunja, Orders watamdai nini.