Ruta ya 4G ya kufunga nje: inafaa ofisi isiyo na faiba?

Inafaa, na inaiacha mbali ruta ya mezani. Zege na mabati hula mawimbi kabla hayajaingia ndani. Hii inakaa juu ya paa, antena na modemu kwenye boksi moja. Waya mmoja wa mtandao unapandisha umeme na kushusha data, hadi mita 100. Antena ya kununua peke yake haina raha hiyo: waya wake wa koaksi hupoteza nguvu kila mita, na ukiwa mrefu faida yote inaishia njiani.

Wakati wa kufunga, achana na vile vijiti vya kuonyesha nguvu ya mtandao. Fungua ukurasa wa ruta, tazama RSRP (nguvu ya mawimbi yanayokufikia, kwa dBm) na SINR (usafi wa mawimbi dhidi ya kelele, kwa dB; ikiwa kubwa ndiyo nzuri). Geuza boksi nyuzi 15 hivi, subiri dakika moja, andika namba, geuza tena. RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Lakini mwamuzi ni SINR: mnara wa mbali wenye SINR 18 unaweza kuushinda wa jirani wenye 2. Tundu la waya lielekee chini, na waya upinde kidogo kabla ya kuingia, la sivyo maji ya mvua yataufuata hadi ndani.

Kasoro? Mnara ukijaa watu kasi hushuka, na hapo hakuna antena ya kukuokoa. Kamera za ofisi unazozifungua moja kwa moja kwa anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye intaneti) nazo mara nyingi hazifunguki ukiwa mbali na ofisi, maana laini nyingi hugawana anwani moja. Omba kampuni ya simu IP ya umma, yaani anwani yako peke yako, au tumia VPN, njia ya faragha ya kuunganisha ofisi na wewe kupitia intaneti.