Waya wa shaba yenye bati kwenye boti yangu: kusi mbili baadaye

Boti yangu ni ya faiba, futi 26, inapeleka wageni kisiwa cha Mnemba kutoka Nungwi, Zanzibar. Nilipoinunua ilikuwa imefungwa waya wa nyumbani, ule wa shaba nyekundu tupu. Asubuhi moja ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, tukaikuta imelala kwa tezi, yaani upande wa nyuma, maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, yamefika vifundoni, betri imejaa na pampu kimya. Mabaharia wakakumba maji kwa ndoo. Nikanunua pampu mpya, nayo ikawa inazunguka kwa uchovu.

Mzee mmoja fundi wa mashine akaniambia, "Mwanangu, pampu unaionea bure. Kata waya uangalie." Nikachuna sentimita tano, shaba nyeusi tii. Nikachuna hadi shubiri nzima, bado nyeusi, na pale walipounga kwa tepu pamejaa unga wa kijani. Nyuzi zilikuwa zinakatika kwa kucha. Mita ilisoma volti 12.6 kwenye betri na 10.9 kwenye pampu inapofanya kazi. Chumvi hupanda ndani ya mpira wa waya kama mafuta ya taa kwenye utambi, nawe kwa nje huoni kitu.

Nikafunga upya kwa waya wa boti: nyuzi nyingi laini, kila uzi umepakwa bati. Kutoka betri hadi pampu ni mita 6, lakini umeme huenda na kurudi, kwa hiyo piga hesabu ya mita 12. Pampu inakula ampea 5. Waya wa milimita 2.5 za mraba ungepoteza karibu volti 0.45, wa 4 unapoteza chini ya 0.3. Nikachukua wa 4.

Bei ni karibu mara tatu ya ule wa nyumbani, na hapo ndipo wajanja wanapoingilia. Roli langu la kwanza lilikuwa alumini. Kabla hujalipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona wekundu chini ya weupe mpaka katikati ya uzi, hiyo ni shaba, ukiwa mweupe ndani, rudisha.

Viungo ndivyo vilivyonichukua muda, na ninavisisitiza kuliko waya wenyewe. Sikulehemu, maana mtikisiko wa mashine hukata waya pale risasi inapoishia. Nilibana kwa koleo lake maalumu, nikavisha mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, nikaupasha moto mpaka gundi ikachungulia pande zote mbili. Gundi isipotokea, maji yataingia. Pampu nimeipa njia yake moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi chini ya shubiri kutoka betri, ili ifanye kazi usiku hata swichi kuu ikiwa imezimwa.

Mwezi uliopita nilikata ncha moja makusudi. Inang'aa kama sufuria mpya. Mita: 12.5 kwenye betri, 12.2 kwenye pampu.

Kilichonisumbua ni swichi ya boya tu, ile inayoelea na kuwasha pampu maji yakipanda. Ilikuja na waya wake mfupi wa shaba tupu, na umeshaanza kuwa mweusi. Nimepandisha kiungo chake juu kabisa, mbali na maji ya ngama, na kabla ya kusi ijayo naibadilisha.