Kaolini asilimia 100? Miezi miwili na toleo jipya la programu ya spektra

Mzee aliyeniletea mfuko wa udongo mweupe kutoka Pugu aliinamia kompyuta yangu, akaona "kaolinaiti 100%" (yaani yote ni kaolinaiti, madini yanayoufanya udongo wa kaolini) kwa rangi ya kijani, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Mwanangu, nichapishie hiyo karatasi sasa hivi, kuna mtu wa vigae ananisubiri." Nilimwambia, "Mzee wangu, naomba unipe mpaka kesho." Hakufurahi, na sikumlaumu. Kama mashine imeshasema mia, mimi ni nani wa kuomba kesho?

Programu yenyewe sitaitaja, maana ugomvi wangu na wenyewe kuhusu leseni bado haujaisha. Kazi yake ni kusoma spektra, yaani mchoro wa mwanga unaorudishwa na sampuli, kuanzia urefu wa wimbi wa nanomita 350 hadi 2500, na kukisia ni madini gani yaliyomo kwa kuangalia mwanga umemezwa wapi. Sehemu hizo mwanga ulipomezwa, ambako mchoro unashuka, sisi tunaziita mabonde. Kaolinaiti ina mabonde mawili yanayokaa pamoja kama mapacha, moja karibu na 2160 na jingine karibu na 2208. Ukiyaona hayo, hata mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani atakuambia ni nini.

Nianze na kilichonifurahisha. Zamani nilikuwa natafuta sehemu ya chini ya kila bonde kwa mkono, napeleka kipanya, nakodoa macho, naandika kwenye daftari. Sasa programu inanyoosha mgongo wa spektra yenyewe, yaani inaondoa mteremko wa jumla mabonde yabaki peke yake, kisha inatoa jedwali: bonde liko wapi, lina kina gani, lina upana gani. Inafanya hivyo kwa folda nzima mara moja. Kwa udongo wa Pugu hili si jambo dogo, kwa sababu kaolinaiti ambayo fuwele zake zimejipanga vizuri huonyesha mapacha waliotengana waziwazi, na ile iliyovurugika pacha wa kushoto hugeuka kuwa bega tu. Sampuli kumi na mbili za mzee zilipangika mbele yangu kwa dakika chache, na nikaona kwamba za shimo la chini ni nzuri kuliko za juu. Hapo nilisema pesa yangu haijapotea bure.

Sasa hicho kipya wanachokitangaza kuliko vyote, cha kuchambua mchanganyiko na kutoa asilimia, ndicho kilichonitoa jasho. Mara ya kwanza niliipa sampuli zilizolala mezani usiku kucha, mwezi wa nne, mvua ya masika ikipiga bati. Ikanijibu kaolinaiti pamoja na montmorilonaiti, madini ya udongo yanayonyonya maji na kuvimba, tena hiyo ya pili zaidi ya robo. Nilishtuka, kwa sababu mfinyanzi hataki kabisa udongo unaovimba. Nikatazama spektra kwa macho yangu: bonde la maji karibu na 1900 lilikuwa limechimbika kama shimo la barabara ya Gongo la Mboto. Ni unyevu wa Dar tu. Nikaweka sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 usiku mmoja, nikapima tena, na montmorilonaiti ikayeyuka kwenye orodha isipokuwa katika sampuli mbili. Kaolinaiti haidhuriki kwa joto hilo, inaanza kupoteza hidroksili zake (oksijeni na hidrojeni zilizofungwa ndani ya fuwele) mbali sana huko juu, kwenye mamia ya nyuzi. Baadaye niligundua kuna kitufe, kimefichwa ndani ya menyu ya tatu, cha kuiambia programu ilinganishe kuanzia 2050 kwenda juu tu na kuyapuuza maji. Kwa nini kisiwekwe mbele, waulizeni wao.

Kosa la pili ndilo la mzee. Zile sampuli nyingine zilizokauka zilitoa mia kwa mia, lakini mia ya nini? Programu inagawa asilimia kati ya madini inayoyaona tu. Kwazi safi, madini ya mchanga wa kawaida, haina bonde lolote la maana katika eneo hilo la mwanga, na udongo mbichi wa Pugu ni mchangatope, yaani mwamba wa mchanga, uliojaa punje za kwazi. Kwa hiyo mchanga unaweza kuwa nusu ya mfuko na mashine isiseme neno. Hakuna onyo lolote kwenye ripoti, ni rangi ya kijani tu. Nilichukua gramu mia, nikaosha kwa maji, nikapitisha kwenye chekeche la maikroni 63. Kilichobaki juu ya chekeche kilikuwa kizito kuliko kilichopita.

Maktaba ya rejea ni nzuri. Nimeingiza ile ya USGS, shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, toleo la 7 la mwaka 2017, inayopatikana bure, na sasa naruhusiwa kuongeza spektra zangu mwenyewe kando yake. Nimeanza na za Pugu zilizooshwa.

Leseni ni balaa. Kila ukiiwasha inataka intaneti ijithibitishe, na haijihifadhi yenyewe kazi ikiendelea. Umeme ulikatika folda ikiwa katikati, nikapoteza vipimo vya asubuhi nzima. Nimewaandikia, wakanijibu ninunue betri ya akiba.

Nyota tatu na nusu. Ukiwa na mabonde ya kupima kwa wingi, inunue. Ukitaka asilimia, kausha kwanza na uoshe kwanza.

Mzee alirudi kesho yake kama nilivyomwomba. Nilimwekea mezani vikombe viwili, kimoja cha mchanga, kimoja cha udongo laini. Akatia kidole kwenye kile cha udongo, akausugua, akaniuliza, "Kuosha tani moja ni maji kiasi gani?"