Kuku wa moshi kutoka friza: kikaango cha hewa kinamuweza?

Haya, karibuni jikoni. Leo sifungui boksi, hiki kikaango cha hewa cha lita 5 mmeshakizoea humu. Leo nakipa mtihani: kumpasha kuku wa moshi aliyelala friza wiki 6.

Nilimkatakata kabla ya kumgandisha, nikagawa mafungu 3. Jana jioni nimeyahamishia kwenye friji, rafu ya chini, ndani ya bakuli maana anachuruzika. Jamani, msimwache mezani usiku kucha, hasa na joto hili la Dar. Moshi siyo kinga. Huyu siyo ng'onda wa kukaa dukani, ameiva tu na bado ana maji yake.

Fungu la kwanza limeingia kikaangoni moja kwa moja, nyuzi 180, dakika 10. Mpwa wangu, sogeza kamera. Mnaiona ngozi? Sikilizeni... kraa! Hapo nakivulia kofia, maana ngozi ya kuku wa moshi ni kesi. Moshi ule wa taratibu hauna moto wa kutosha kuyeyusha mafuta ya chini ya ngozi, ndiyo maana unatafuna kama ndala. Sasa nakata kidari. Aa. Kimekauka, kinachanika nyuzinyuzi kama kamba ya katani. Kule friza barafu ilishaitoboa nyama kwa ndani, maji yakawa yanasubiri upenyo tu, halafu wewe unakuja kumpulizia upepo wa moto! Paja limenusurika kwa sababu ya mafuta yake.

Fungu la pili, maikrowevu. Sitawachosha: pembeni panaunguza ulimi, kwenye mfupa baridi, na ngozi ni ndala ileile.

La tatu ndilo lililonifanya niwashe kamera. Sufuria, maji kidogo chini, vipande juu ya chungio la chuma visiguse maji, mfuniko, moto mdogo. Hapa nimetumia dakika 15, ila msishike dakika zangu, shikeni kipimajoto, hiki cha kuchoma kama sindano. Choma kwenye nyama nene bila kugusa mfupa. Kikisoma nyuzi 74, toa. Futa ngozi ikauke kabisa, ikiwa na maji haitalia kraa hata ufanyeje. Kikaango kiwe kimeshapata moto, nyuzi 200, dakika 3 basi.

Tazama kidari hicho. Nimebonyeza kwa kidole tu, maji hayo! Na harufu ya moshi imerudi, mpwa wangu anameza mate mpaka kamera inatikisika. Yale maji ya chini ya sufuria msimwage, yamebeba chumvi na moshi. Mimi naungia maharage.

Halafu huu wekundu wa nyama chini ya ngozi. Mama mkwe alishawahi kunirudishia paja, kistaarabu kabisa, akisema mwanangu hili halijaiva. Lilikuwa limeiva. Gesi za moshi hushikana na rangi ya nyama, ikabaki na wekundu hata baada ya kuiva. Ndiyo maana nasisitiza kipimajoto, macho hapa yanadanganya pande zote mbili.

Sasa kikaango chenyewe. Kwa kumalizia ngozi, kizuri sana. Kwa kumpasha kuku kuanzia mwanzo, hapana, labda mapaja matupu. Kikapu hakimezi kuku mzima, na rangi yake ya ndani imeanza kubanduka, hilo nakitoza alama. Kama huna, usikinunue kwa ajili ya kazi hii. Nunua kipimajoto, bei yake ni ndogo zaidi, na ngozi utaibana kwenye frampeni kavu, upande wa ngozi chini, mpaka iimbe.

Na hivi vilivyobaki havirudi friza, vinaliwa leo. Mpwa wangu, zima kamera, lete sahani na pilipili.