Uzoefu wangu: kutoka jeshi la Marekani mpaka kazi ya uraiani, na kilichonisaidia kweli

Naandika hii kwa ajili ya waswahili wenzangu mlioko jeshini huku Marekani, hasa mliobakisha mwaka hivi mtoke, manake mimi nilitafuta mtu anielezee mambo haya kwa lugha yetu nikakosa. Mimi mtu wa Likoni, niliingia Army 2017 kwa grinikadi, nikatoka 2023 nikiwa sajenti. Miaka yote sita nilikuwa stoo, ile kazi ya namba 92A, yaani vipuri, oda, kupokea mizigo na kuhesabu, kuhesabu, kuhesabu. Huduma nilizotumia ni tatu na zote bure: TAP, yaani mafunzo ya kumwandaa mwanajeshi anayetoka, SkillBridge, yaani kufanya kazi ya uraiani ukiwa bado jeshini, na menta, yaani mshauri wa kazi, niliyempata kupitia shirika la American Corporate Partners (ACP).

TAP ni lazima, na unatakiwa uianze siku 365 au zaidi kabla ya tarehe yako ya kutoka, wale wanaostaafu kabisa ndio wanaweza kuanza miaka miwili kabla. Kuna siku ya Wizara ya Kazi, kuna siku ya VA, ile idara ya wanajeshi wastaafu, halafu unaweza kuongeza siku mbili za njia unayoitaka mwenyewe, ajira, shule, ufundi ama biashara. Mimi nilichukua ajira. Nakusihi usiende kuweka sahihi tu, kuna zoezi pale la kuchukua kazi yako ya jeshini na kuipanga kando ya kazi za uraiani, ufanye kwa makini, na kama una mke au mume njoo naye, wanaruhusiwa, na huyo ndiye atakayekukumbusha yale mambo ya bima na shule za watoto ambayo wewe utakuwa ushayasahau.

Sasa kabla ya kumpata menta niliingia hasara. Kuna kampuni moja sitaitaja jina inaandikia wanajeshi CV kwa pesa, nikalipa dola 350, ikarudi CV imepambwa vizuri lakini maneno ni yaleyale ya kambini. Niliituma sehemu nyingi, kimya. Wiki kwa wiki kimya. Nikaanza kuamini kwamba huku nje hakuna anayehitaji mtu wa stoo, na nilikuwa nimebakisha miezi minane, usiku silali napiga hesabu ya kodi ya nyumba na hela ya kutuma nyumbani.

Menta wa ACP anakaa na wewe mwaka mzima, mnaongea angalau mara moja kwa mwezi, na hulipi chochote. Wangu alikuwa mzee wa makamo anayesimamia usafirishaji kwenye kampuni kubwa, jeshini hajawahi kukanyaga, na nafikiri hiyo ndiyo ilinisaidia kwa sababu kila nilichosema ilibidi nikieleze. Mara ya pili tu kuongea akaifungua CV yangu kwenye skrini, akasoma mstari wa kwanza, "tulihakikisha uwajibikaji wa vifaa vya kombania kwa asilimia 100", akaniuliza, tulihakikisha ni nani na nani? Nikasema sisi, kikosi. Akaniambia basi nieleze wewe mwenyewe saa mbili asubuhi ulikuwa unafanya nini kwa mikono yako.

Nikamweleza. Januari pale JBLM, kambi yetu jimbo la Washington, mvua ile ya baridi isiyokatika, tumetandika turubai kwenye yadi ya magari, nafungua sanduku la spana naitoa moja moja naipanga kwa saizi, vidole vimekufa ganzi, karatasi ya orodha iko ndani ya plastiki isilowe, ikikosekana soketi moja ya 10 hakuna anayerudi nyumbani mpaka ijulikane iko wapi. Kisha naingia ndani kuandika yote kwenye GCSS-Army, mfumo wa kompyuta wa stoo za jeshi. Akanikatiza, hiyo GCSS ni nini? Nikamwonyesha picha za mafunzo zinavyoonekana. Akaangalia kama dakika nzima halafu akasema, hii ni SAP, wewe umetumia SAP miaka sita na hujaandika popote.

Na kweli, ule mfumo wa jeshi umejengwa juu ya SAP, programu ileile inayotumiwa na makampuni makubwa dunia nzima kuendesha maghala yao! Nilikuwa naijua kama naijua njia ya feri lakini kwa jina la jeshi tu. Jamani, wenye 92A mlio huko, andikeni hilo neno leo.

Kilichonichukua muda zaidi ni kuandika "nilifanya" badala ya "tulifanya". Sisi tumelelewa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ukijisifu mbele ya watu mama anakukata jicho, halafu ukafika jeshini ukafundishwa tena ni kikosi kwanza. Mkono ulikuwa mzito wallahi. Babangu alikuwa karani wa mizigo pale bandari ya Kilindini na sikumsikia hata siku moja akisema mimi ni hodari, lakini watu wa bandarini walikuwa wanamjua. Huku nje hakuna anayenijua. Nikaandika: nilisimamia stoo yenye aina zaidi ya 1,200 za vipuri kwa mfumo wa SAP nikiongoza watu wanne. Kila neno ni kweli, na simu zikaanza kulia.

SkillBridge ndiyo iliyonipa mlango wenyewe. Unafanya kazi kwenye kampuni ya kiraia miezi yako ya mwisho na mshahara wa jeshi unaendelea, kampuni haikulipi kitu. Kiwango cha juu ni siku 180 lakini matawi ya jeshi yamepunguza kulingana na cheo, kwa hiyo angalia sheria za sasa za tawi lako, na lazima kamanda akubali. Mkubwa wangu mmoja alinikazia, akasema watu hawatoshi, ikabidi nimfundishe kijana wa kushika nafasi yangu ndipo wakasaini, nikapata miezi minne kwenye ghala la vipuri huko Kent, jimbo lilelile la Washington. Omba mapema sana. Na kazi haijaahidiwa mwishoni, nimeona wenzangu wawili wakimaliza na kuambiwa asante.

Wale madereva wa 88M, njia yenu ni nyepesi zaidi, mkiwa na miaka miwili ya kuendesha magari mazito mnaweza kusamehewa mtihani wa barabarani wa CDL, ile leseni ya kuendesha malori na mabasi kibiashara, ila uombe ndani ya mwaka mmoja tangu uache kuendesha jeshini.

La mwisho ni mshahara. Posho ya nyumba ya jeshi haikatwi kodi, kwa hiyo ukilinganisha na mshahara wa uraiani namba kwa namba utajipunja, na mimi nilikuwa karibu nijipunje. Menta alikaa na mimi tukapiga hesabu yote, posho, bima, chakula, tukapata namba ambayo mimi niliogopa hata kuitamka. Akaniambia itaje kisha unyamaze. Kule Kent menija aliponiuliza nikaitaja, nikanyamaza, yeye naye akanyamaza, nasikia foklifti tu huko nje inapiga honi ikirudi nyuma. Siku ya tatu barua ikaja na namba ileile.